Picha ya Juu ya Boksi Sio Mzigo Uliomo Ndani

Posti ya leo ni ndefu kidogo, ila kama unauza kitu chochote mtandaoni kwa kutumia picha, vumilia usome mpaka mwisho. Naongelea bidhaa ambayo wengi hamjawahi kuiwaza: magari madogo ya plastiki ya kuunganisha, yale yanayokuja kwenye boksi yakiwa vipande vipande. Nimeyauza hapa Tabora, nikapigwa, nikajifunza, nikainuka. Hata kama wewe unauza viatu, mapazia au sabuni, somo ni lile lile.

Duka langu la kila siku ni makava ya simu, chaja na spika ndogo. Nimeishia kidato cha nne, biashara nimejifunzia humu humu mtandaoni na kwa kupata hasara. Kwa hiyo nitakachosema sikukisoma darasani, nimekilipia.

MZIGO WA KWANZA

Niliona video ya jamaa anaunganisha Land Cruiser ya plastiki mezani. Ilipokamilika, ukiitoa meza kwenye picha unaweza kuapa ni gari kubwa. Nikasema hapa kuna hela. Watanzania tunapenda magari. Kuna watu wanajua basi kwa sauti ya honi kabla halijatokeza kona.

Nikaagiza boksi 10 kutoka China kupitia wakala wa mizigo wa Dar. Mpaka zinafika Tabora, kila boksi limenigharimu shilingi 45,000. Jumla 450,000. Yangu ilikuwa 150,000. Zile 300,000 mama alizikopa kwenye kikoba chao kwa jina lake, na riba juu 30,000. Hapo ndipo penye uzito wa hadithi hii, mkumbuke.

Mzigo ulipofika nikapiga picha ya juu ya boksi. Gari la mashindano, linaruka, vumbi nyuma, linang'aa. Nikaandika: "Gari kali la kuweka sebuleni. 75,000 tu. Tunatuma mikoa yote." Basi. Sikuandika kingine.

Ndani ya siku mbili nimeuza matatu: Kahama, Nzega na Dodoma. Nikaanza kuhesabu faida kichwani. Mnajua ile hesabu tunayofanya usiku tukiwa tumelala chali.

Siku ya tatu simu ikaingia kutoka Kahama. "Kaka, gari liko wapi?"

Nikamjibu, "Si umepokea boksi bosi wangu?"

"Nimepokea boksi. Ndani kuna mifupa. Mwanangu ana sherehe yake leo, watoto wenzake wamejaa hapa, nimefungua mbele yao. Kaka, umeniuzia mifupa ya gari."

Nikaanza kubishana. Nikamwambia haya magari ndivyo yalivyo, unaunganisha mwenyewe. Akaniuliza swali moja tu: "Uliandika wapi?" Nikafungua posti yangu mwenyewe nikaisoma. Sikuandika popote.

Wa Nzega akarudisha. Wa Dodoma akarudisha. Nikarudisha hela zote, na nauli ya kwenda na kurudi nikabeba mimi, 10,000 kwa kila mzigo. Boksi moja lilirudi na kioo cha mbele kimevunjwa na mtoto, hilo haliuziki tena.

Mama hakunigombeza. Aliniangalia nikipanga yale maboksi chini ya kitanda, akasema, "Mwanangu, hela ya kikoba haijui kwamba mzigo umerudi. Jumatano ni Jumatano." Nadhani angenipigia kelele ningelala vizuri zaidi.

KOSA LILIKUWA NINI

Wiki nzima nilikuwa nawalaumu wateja. Sio waelewa, hawana ustaarabu wa vitu hivi, na kadhalika. Uongo. Mzigo ulikuwa mzuri na wateja walikuwa wazuri. Kilichokosekana ni maelezo ya katikati. Mimi niliuza picha, wao wakapokea mzigo, na hivyo ni vitu viwili tofauti.

Sisi wa Tabora hili tulipaswa kulijua kabla ya watu wengine. Mji wetu ulikua kwa misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika hapa, nyingine ikaendelea mpaka Ujiji. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba nguo na shanga kwenda bara, na pembe za ndovu kurudi pwani. Sasa shanga zile hazikuwa shanga tu. Sehemu moja walitaka nyekundu, sehemu nyingine nyekundu hiyo hiyo hawaigusi. Stanley alipokuwa Zanzibar mwaka 1871 akijiandaa kuja kumtafuta Livingstone, moja ya vitu vilivyomuumiza kichwa ni hicho: shanga gani inapokelewa wapi. Ukikosea, umebeba uzito miezi kadhaa kwenye mabega ya watu, na ukifika haununui hata unga.

Mimi nilibeba shanga za rangi isiyojulikana, nikazificha ndani ya boksi zuri. Bora hata angekuwa amekataa kabla sijatuma.

NIKAKAA NIKALIUNGANISHA MWENYEWE

Lile boksi lenye kioo kilichovunjika nikaamua nilifungue niliunganishe. Sikuwahi hata siku moja kuunganisha bidhaa niliyokuwa nauza. Jiulize na wewe: umewahi kuvaa hiyo viatu unayouza kutwa nzima? Umewahi kufua hilo pazia?

Nilichokikuta ndani, nawaeleza kama nilivyokiona.

Vipande vimeshikana kwenye fremu za plastiki, kama majani kwenye tawi. Kila kipande kina namba. Kuna kijitabu cha michoro kinachoonyesha namba ipi inaungana na ipi. Kuna fremu ya vioo, matairi ya mpira, na karatasi ya stika za maji. Gundi haipo. Rangi haipo. Na juu ya boksi kwa maandishi madogo wameandika kwamba gundi na rangi vinauzwa peke yake. Maandishi hayo yalikuwepo siku zote. Sikuyasoma.

Jaribio la kwanza nililiharibu. Nilivunja vipande kwa mkono badala ya kukata, nikapaka supa gluu kila mahali, vioo vikaingia ukungu mweupe. Nikakimbilia kwa mzee mmoja seremala jirani yetu, anatengeneza vitanda vya mninga. Nilitaka tu kuazima msasa. Akalichukua lile gari, akaligeuza, akacheka, kisha akaniambia, "Mjukuu wangu, wewe unapaka rangi juu ya vumbi. Hata kitanda hakivumilii hivyo. Safisha, piga msasa, subiri. Kilichokushinda hapa ni kusubiri."

Nikaanza upya taratibu. Nilichojifunza, kwa ufupi, ili na wewe umweleze mteja wako:

Kwanza, osha fremu kwa maji na sabuni, acha zikauke. Plastiki inatoka kiwandani na mafuta mafuta, rangi haishiki vizuri.

Pili, kata kipande kwa kifaa chenye makali. Mimi natumia kikatia kucha kipya na kisu cha wembe. Kata mbali kidogo na kipande, halafu punguza. Malizia na msasa laini, namba 400 kisha 800.

Tatu, gundi. Magari haya mengi ni plastiki aina ya polistaireni. Gundi yake maalumu inayeyusha kidogo kingo mbili, zikikauka zinakuwa kitu kimoja. Haihitaji nyingi, tone tu. Kwenye vioo usitumie supa gluu, mvuke wake unaacha ukungu. Tumia gundi nyeupe ya mbao, ikikauka inakuwa angavu.

Nne, rangi. Tabaka jembamba, subiri likauke, ongeza jingine. Tabaka moja nene linatiririka na kuziba mistari ya milango. Ukitumia rangi ya kopo ya kupulizia magari makubwa, ijaribu kwanza kwenye kipande cha fremu unachotupa, maana nyingine zinakula plastiki. Na pulizia nje au penye hewa, sio chumbani unapolala.

Tano, stika za maji. Kata moja, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu mpaka ianze kuteleza, itelezeshe juu ya gari, kausha kwa kitambaa laini. Usiibandue kama stika ya bodaboda, itachanika.

Lilinichukua wiki mbili, saa moja moja jioni baada ya kufunga duka. Halikuwa zuri sana. Mlango wa kushoto hata leo una alama ya kidole changu. Ila nilipoliweka kaunta, watu waliokuja kununua chaja walianza kuinama na kuliangalia. Hakuna aliyekuwa ameinama kwa ajili ya boksi.

SKELI: NAMBA INAYOUZA AU KUKUUMBUA

Hii namba ndogo pembeni ya boksi, 1:24, 1:43, 1:64, ndiyo skeli. Maana yake ni rahisi: gari halisi limepunguzwa mara ngapi. Skeli ya 1:24 maana yake sentimita moja ya gari dogo ni sentimita 24 za gari halisi. Namba ya pili ikiwa kubwa, gari linakuwa dogo. Wengi wanageuza hapo.

Tuchukue Hiace yenye urefu wa karibu mita 4.7, yaani sentimita 470. Gawanya kwa skeli:

1:24 inakuwa karibu sentimita 20.
1:43 inakuwa karibu sentimita 11.
1:64 inakuwa sentimita 7 na kidogo, inaingia mfukoni.

Sasa basi la mita 12:

1:24 ni sentimita 50, linahitaji meza yake.
1:43 ni kama sentimita 28.
1:64 ni karibu sentimita 19.

Umeona kitu? Basi la 1:64 na Hiace ya 1:24 zinakaribiana urefu. Kwa hiyo ukimwambia mteja "ni ya 1:64" bila sentimita, hujamwambia kitu. Na ukimwambia "ni dogo" au "ni kubwa", ndio umemchanganya kabisa. Andika sentimita. Halafu piga picha bidhaa ikiwa pembeni ya kitu ambacho kila mtu amekishika: kiberiti, sarafu ya 200, au simu.

Hii ni kwa wote. Muuza mikoba, weka chupa ya maji pembeni. Muuza sufuria, weka mkono wako.

KUMBE WAKUBWA NAO WALIPITIA HAPA

Nilipoanza kusoma habari za biashara hii nikakuta kitu kilichonitia moyo.

Airfix, kampuni ya Uingereza inayojulikana dunia nzima kwa vitu vya kuunganisha, haikuanza na hiyo kazi. Ilianzishwa mwaka 1939, ikitengeneza vitu vya mpira vya kujaza hewa. Mwaka 1949 kampuni ya matrekta ya Ferguson ikataka trekta dogo la mfano kwa ajili ya mawakala wake wa mauzo. Yalikuwa yanaunganishwa kwa mkono, kazi na gharama. Baadaye wakaanza kuyauza yakiwa vipande, mteja aunganishe mwenyewe. Kwa hiyo kitu kilichoanza kama tangazo la kuuzia trekta kikageuka bidhaa yenyewe. Miaka hiyo hiyo hapa kwetu Urambo palikuwa panafyekwa msitu kwa matrekta kwa ajili ya ule mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza, uliofeli vibaya. Na wao walianza na picha nzuri kuliko udongo uliokuwepo.

Mwaka 1952 Airfix wakatoa meli ndogo ya Golden Hind. Duka la Woolworths likataka bei iwe ya chini, shilingi mbili za Kiingereza. Walifanyaje? Boksi likatolewa, meli ikawekwa kwenye mfuko wa plastiki na karatasi ya maelezo juu. Mteja akawa anaona kabisa anachonunua ni vipande. Ikauzika sana.

Na Tamiya wa Japani, ambao leo ni jina kubwa kwenye magari ya kuunganisha, walianza mwaka 1946 Shizuoka kama watu wa mbao. Wakaingia kwenye mifano ya mbao, na plastiki yao ya kwanza, meli ya kivita Yamato, ikatoka mwaka 1960. Mzee wangu seremala nilipomsimulia alifurahi mpaka akaacha randa. "Kumbe ni mafundi mbao hao!" Tangu siku hiyo ananiita Mjapani.

USIUZE PLASTIKI, UZA GARI LENYE HABARI

Baada ya kubadilisha posti zangu, mzee mmoja wa Moshi akanitumia ujumbe: "Kijana wangu, unaweza kunipatia Datsun ya Safari?" Sikujua anaongelea nini. Badala ya kumjibu "hamna", nikamwambia anipe siku mbili, nikaenda kusoma.

Kumbe sisi Afrika Mashariki tumo kwenye maboksi haya muda mrefu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1970 Edgar Herrmann alishinda na Datsun 1600 SSS, mwaka 1971 akashinda tena na Datsun 240Z. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 na Volvo, halafu 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, kashinda mara tano, ya kwanza ikiwa 1973. Na kampuni ya Hasegawa ya Japani imetoa kwa skeli ya 1:24 ile Datsun 240Z ya 1971 na ile Lancer ya 1974.

Fikiria hilo. Mtu wa Japani anakaa mezani kwake anabandika stika za mashindano yaliyopita kwenye matope yetu, sisi wenyewe hatujui.

Nilimwagizia mzee ile 240Z kwa oda, alilipa nusu kwanza. Alipopokea alinipigia, hakuongelea plastiki hata kidogo. Aliongelea jinsi alivyokuwa mdogo, kabebwa mabegani na baba yake, wanasubiri magari yapite barabarani, na vumbi lilivyowafunika. Aliongea dakika ishirini. Hiyo ndiyo aliyonunua.

Kwa hiyo mdau, jua habari ya bidhaa yako. Ila iwe ya kweli. Usimwambie mtu gari limeshinda mashindano kama hujahakikisha, maana wapenzi wa magari wanajua kuliko wewe, watakuumbua kwenye maoni.

MAMBO SABA NINAYOANDIKA SASA KWENYE KILA POSTI

1. "LINAKUJA VIPANDE, UNAUNGANISHA MWENYEWE." Mstari wa kwanza kabisa, herufi kubwa. Sio chini mwishoni.

2. Picha tatu kwa mpangilio huu: fremu za vipande zilivyo, gari lililokamilika pembeni ya kiberiti, halafu boksi. Boksi ni la mwisho.

3. Skeli na urefu kwa sentimita.

4. Kilichomo na kisichomo. "Gundi na rangi HAVIMO. Ukitaka, nakuongezea kwa bei hii." Hapa nimepata faida nyingine ambayo sikuitegemea: pakiti ya gundi, msasa na brashi.

5. Ugumu na muda. "Kama ni mara yako ya kwanza, tenga jioni 10 mpaka 14." Na useme kama boneti inafunguka na kuna injini, au ni bodi tu. Mpenzi wa magari lazima aulize.

6. Linamfaa nani. Sio la mtoto mdogo. Vipande ni vidogo, anaweza kumeza, na kuna kisu na gundi. Mzazi akitaka zawadi ya mtoto namwelekeza kwenye magari ya chuma yaliyokamilika, au nampeleka kwa vijana wanaotengeneza mabasi ya mbao. Napoteza mauzo ya leo, nabaki na mteja.

7. Kurudisha. "Nikikutumia tofauti na nilivyoandika, nalipia nauli kwenda na kurudi. Ukibadilisha mawazo, nauli yako." Kabla ya kulipa namwomba ajibu ujumbe mmoja: "Nimeelewa linakuja vipande." Tangu nianze hivyo hakuna boksi lililorudi.

KUTUNZA NA KUTUMA

Usiweke maboksi haya juani wala kwenye gari lililofungwa mchana wa Oktoba. Joto la Tabora mnalijua, plastiki inajikunja. Dirisha la duka linapendeza kwa maonyesho lakini jua linapausha boksi.

Matairi ya mpira usiyaache yakigusana na vipande vya plastiki muda mrefu. Yanaweza kula plastiki na kuacha alama. Yaache kwenye mfuko wake.

Wateja wanaokusanya, yaani wale ambao hawaunganishi bali wanatunza boksi zima, wanataka mifuko ya ndani isifunguliwe na kona za boksi zisibonyee. Kwao natumia katoni mbili, na magazeti katikati. Ila msiwadanganye kwamba bei itapanda. Viwanda vinaweza kurudia kutoa gari lile lile miaka ikipita, na lililokuwa adimu likawa la kawaida.

Ukituma kwa basi, andika "USIKALIE, USIWEKE CHINI YA GUNIA", piga picha ya kifurushi mbele ya dirisha la ofisi pamoja na risiti, mtumie mteja hapo hapo. Gari lililokamilika simamisha kwa kulifunga kwenye kipande cha mbao kabla ya kuliweka kwenye katoni. Hilo alinifundisha mzee seremala, na kipande alinipa bure.

HESABU YA MWISHO, BILA KUFICHANA

Watu wanapenda kuonyesha mauzo, hawaonyeshi hesabu. Yangu hii hapa, ya zile boksi 10 tu.

Mzigo: 450,000.
Nauli za mizigo mitatu iliyorudi: 30,000.
Gundi, rangi, msasa na vifaa: 38,000.
Riba ya kikoba: 30,000.
Jumla ya gharama: 548,000.

Boksi moja ndilo nililojifunzia, liko kaunta, haliuzwi. Saba nimeuza yakiwa vipande kwa 75,000, sawa na 525,000. Mawili niliyaunganisha kwa oda nikauza 120,000 kila moja, sawa na 240,000. Jumla ya mauzo: 765,000.

Faida: 217,000. Kwa miezi sita. Ukigawa ni kama 36,000 kwa mwezi. Sio utajiri. Chaja zinanipa zaidi.

Na kuna kitu nilijidanganya hapo. Yale mawili niliyounganisha niliona nimepata 45,000 zaidi kwa kila moja. Lakini kila moja lilikula kama saa 20. Hiyo ni 2,250 kwa saa, na bado rangi sijatoa. Sasa hivi naunganisha kwa oda kwa 150,000, nusu inalipwa kwanza. Anayeona ghali namuuzia vipande na namfundisha kwa simu. Kazi ya mkono wako ni gharama, iandike.

Deni la kikoba lilikwisha mwezi wa tano. Jumatano ya mwisho mama alinipigia akitoka kwenye kikao, akasema tu, "Mwanangu, wamenifungia daftari." Halafu akaniuliza kama lile gari la kaunta naweza kumtengenezea basi, kama lile alilopanda kwenda kumzika bibi. Nikamwambia litakuja vipande. Akasema, "Ndio, nimeelewa linakuja vipande."

Kazi kwako mdau. Leo jioni kabla hujaposti kitu kipya, fungua posti zako tano za mwisho uzisome kama mteja wa Kahama mwenye watoto wamejaa sebuleni. Kitu ambacho hakipo kwenye maandishi, kiongeze sasa hivi. Andika hapo chini unauza nini na umeongeza mstari gani, nitasoma wote.